Uhuru wa Kuchagua Waya

Nchi yetu siitaji jina, si kwa woga, ila jina lenyewe limepelekwa Wizarani kufanyiwa ukarabati. Mpaka litakaporudi tumeagizwa kusema "nchi yetu" huku tumenyoosha mgongo. Mimi nimenyoosha, na wewe unayesoma ukiona vibaya kukaa umejikunja, ni hiari yako.

Naitwa Mwatumu, nina miaka arobaini na sita, na ni karani wa Idara ya Mihuri. Kazi yangu ni kupiga muhuri. Sisomi ninachokipiga, maana kusoma ni kazi ya Idara ya Kusoma, iliyoko ghorofa ya pili, na ngazi za kufikia ghorofa ya pili bado zinachorwa. Kwa miaka ishirini na miwili nimepiga mihuri bila kusoma hata herufi moja, na nina vyeti vitatu vya utumishi uliotukuka. Hivyo navyo sijavisoma.

Kwetu sisi mwanya ni uzuri. Msichana mwenye mwanya kati ya meno ya mbele huimbiwa harusini hata kama bi harusi ni mwingine. Asiyejaliwa huenda kwa fundi akachongwa, kisha akaapa kwamba alizaliwa nao. Mimi sikuchongwa. Mwanya wangu nilirithi kwa mama, Bi Mwanakombo, naye alirithi kwa mama yake, na msibani watu wa ukoo wetu hutambuana kabla hawajaamkiana.

Mama ana miaka themanini na mitatu, na kichwa chake kimeanza kuaga kabla yake. Majina yamempotea, nyuso zinamchanganya. Kaka yake wa tumbo moja anamwita fundi bomba na kumuuliza mfereji utapona lini. Mimi peke yangu hajanisahau, na ni kwa sababu ya mwanya. Kila asubuhi nikimpelekea uji, hanitazami machoni, hunitazama mdomoni. Nikitabasamu anatulia. "Wangu huyu," husema. "Nilimpa mwenyewe." Nakwambia kweli, sikuwa na mali nyingine duniani, na sikuwa na kitu kingine nilichoogopa kukipoteza.

* * *

Jumatatu moja redio ilikata taarabu katikati ya ubeti. Alizungumza Waziri wa Tabasamu na Ulinganifu, Mheshimiwa Bakuli, mtu mwenye sauti nzito na pumzi fupi.

"Ndugu wananchi," alisema, "taifa lenye meno yaliyoachana ni taifa lenye mawazo yaliyoachana. Maadui zetu wanapenya wapi? Wanapenya kwenye nafasi! Kuanzia leo kila raia aliyetimiza miaka thelathini na mitano atavaa waya za meno." Hapa alipumua, na sauti ikalainika. "Lakini Serikali yenu haimlazimishi mtu. Aina ya waya mtachagua wenyewe."

Watu walitoka nje wakakumbatiana. Kuchagua! Mara ya mwisho tulipochagua ilikuwa kati ya Mtukufu na picha ya Mtukufu, na picha nusura ishinde.

Watoto walisamehewa, kwa kuwa meno yao hunyooka upesi na mradi ungekwisha kabla haujazinduliwa. Waliopita miaka themanini nao walisamehewa, kwa hofu kwamba wangekwisha wao kabla ya mradi. Kwenye mkutano wa hadhara mzee mmoja alinyanyua mkono akauliza, kwa adabu zote, "Mheshimiwa, wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Sisi mifupa imeshakauka. Tutakunjika?"

Mheshimiwa Bakuli alitabasamu. Alikuwa amejiandaa. Aliletewa ng'onda kwenye sinia, samaki mkavu kabisa, akamnyanyua umati umwone, akamshika kichwa na mkia, akamkunja. Ng'onda akavunjika ko! vipande viwili, kimoja kikamwangukia mpiga ngoma. Tulipiga makofi robo saa. Gazeti la kesho yake liliandika kwamba samaki alikunjika kwa awamu mbili.

* * *

Sasa nieleze aina zenyewe, maana siku zile ungemwamsha hata kichaa angekueleza.

Ya kwanza ni Chuma. Unabandikwa vifungo vya chuma, kila jino na chake, kisha waya unapitishwa na kukazwa kila mwezi. Chuma ni imara, hakivuliki, na mvaaji husahau mahindi ya kuchoma na bisi mpaka siku ya kufunguliwa. Ya pili ni Kauri. Hii ni vilevile, ila vifungo vina rangi ya jino, huvioni mpaka ukaribie. Ubaya wake hushika madoa, na mtu wa Kauri akila mchuzi wa binzari mara mbili hutembea na mdomo wa manjano. Ya tatu ni Plastiki. Hivi ni vifuniko vyepesi, angavu, unavaa juu ya meno na kuvua wakati wa kula. Unapewa vifuniko ishirini na vinne, kila kimoja wiki mbili, na ni lazima ukae navyo saa ishirini na mbili kwa siku.

Nchi ikagawanyika kwa raha. Wachuma walisema wao ndio wazalendo, hawana cha kuficha. Wakauri walisema wao ni watu wa kiasi. Waplastiki walisema wengine wote ni washamba. Jirani yangu Bwana Hamdu, Mchuma, tuliyeazimana naye chumvi miaka kumi na tano, alianza kunisalimia kwa kichwa tu. Nyumba ya pili mke alirudi kwao kwa sababu mume alichagua Kauri bila kumshauri. Redioni walibishana alfajiri hadi magharibi: chuma au kauri, kauri au plastiki, kukaza au kusukuma. Katika ubishi ule wote sikumsikia hata mmoja akiuliza kwa nini tufungwe.

Nakosea. Waliuliza wachache, na Serikali iliwafikiria. Kwenye Ofisi ya Uchaguzi wa Waya palikuwa na madirisha manne: Chuma, Kauri, Plastiki, na la nne liliandikwa WASIOTAKA. Hilo la nne lilikuwa limechorwa ukutani kwa rangi ya maji, kazi nzuri sana, lina nondo, lina pazia, na nyuma ya pazia karani anatabasamu. Watu walipanga foleni pale siku mbili. Siku ya tatu mvua ikanyesha, karani akaanza kuchuruzika, wakahamia Plastiki.

* * *

Mimi sikupanga foleni. Mimi nilikuwa na Raya.

Daktari Raya ni mganga wa meno wa Serikali, lakini kabla ya hapo alikuwa mtoto wa jirani aliyefiwa na wazazi wote wawili mwaka mmoja. Mama yangu alimchukua. Tulilala mkeka mmoja, tukala sinia moja, na kama Mungu alivyotaka, naye ana mwanya. Watu wakituona walidhani pacha. Mama alikuwa akisema, "Mmoja nimezaa kwa tumbo, mmoja kwa macho."

Nilimfuata kliniki. Alikuwa na barakoa usoni, kama wote wa kazi ile, macho tu ndiyo yaliyonichekea. Nikamwambia ukweli wangu: siogopi maumivu wala aibu ya mtu mzima kutembea na waya mdomoni. Namwogopea mama. Mwanya ukiziba, mama hatanijua tena.

Raya alifunga mlango. Akanishika mikono.

"Shoga, nisikilize. Chuma usikitie mdomoni, chuma hakina huruma. Kauri ni chuma kilichovaa kanzu. Wewe chukua Plastiki. Vifuniko vyako nitavitengeneza mimi mwenyewe, nitavifuatisha meno yako yalivyo. Utavaa, mkaguzi atakuona umevaa, yamekwisha. Mwanya wako hautaguswa."

"Uniapie, Raya."

"Naapa kwa chumvi ya mama niliyoila."

Mtu akikuapia chumvi ya mama yako utamwomba nini tena? Nilisaini nakala saba. Nilirudi nyumbani nimejaa kiburi, na kiburi chenyewe nitakisema, maana ni sehemu ya mashtaka yangu. Nilijiona mjanja. Niliwaona Wachuma na Wakauri wakienda kuzibwa, nikawasikitikia kwa raha, ile huruma ya mtu mwenye mwavuli. Nikawa mhubiri wa Plastiki. Ofisini niliwavuta wanawake arobaini, kila mmoja nikimwambia kwa kunong'ona kwamba Plastiki "ina mlango". Sikuwaeleza kwamba mlango wenyewe ni wangu peke yangu.

* * *

Matibabu yalipoanza, Wizara ilikusanya vioo vyote kwa ajili ya uhakiki, ili mgonjwa asijitie wasiwasi kwa kujitazama. Hata maji kwenye ndoo tuliambiwa tuyatibue kwanza. Kwa hiyo nilikuwa na ulimi tu, na njiti ya kiberiti.

Kabla ya kuanza, njiti ilipita kwenye mwanya wangu bila kugusa. Kifuniko cha pili, ilipita kwa kusukumwa. Cha tatu ikakwama. Nikakimbilia kwa Raya.

"Njiti haipiti."

"Ni fizi zimevimba," alisema nyuma ya barakoa. "Mwili unazoea kitu kigeni. Vaa."

Kifuniko cha sita nilijaribu kijiti cha fagio la chelewa. Kikakwama.

"Chelewa za siku hizi nene," alisema. "Minazi inatiwa mbolea. Vaa, shoga yangu. Wewe huniamini?"

Nikaona haya. Nilimuomba radhi, mwenzio ameapa kwa chumvi nawe unakwenda kumpima kwa fagio! Nikavaa. Kila kifuniko kipya siku ya kwanza kilinibana mpaka masikioni, nami nikajiambia hivyo ndivyo meno yanavyobanwa ili yasitembee. Ulimi wangu uliniambia vingine, nikaunyamazisha. Mkaguzi wa Saa alikuja kila Jumamosi, akaniamuru nifumbue mdomo, akaandika "Anatii", nami nilifurahi kuandikwa.

Kifuniko cha kumi na moja nilijaribu uzi. Uzi haukupita.

Asubuhi ile nilimpelekea mama uji. Nilitabasamu. Alinitazama mdomoni kwa muda mrefu, kisha akavuta ushungi wake kichwani, kama mwanamke anavyofanya mtu asiyemjua akiingia.

"Mwatumu yuko wapi?" akauliza.

"Ni mimi, mama."

"Mwatumu ana mwanya," alisema, kwa upole kabisa, kama anayemsahihisha mtu aliyekosea nyumba. "Wewe ni yule anayefua?"

Nikasema ndiyo, ni mimi ninayefua. Nilikwenda uani nikalia, nikiwa nimevaa kifuniko, kwa sababu saa ishirini na mbili zilikuwa hazijatimia.

Tangu siku hiyo mama alinisubiri. Nilikuwa nikimwogesha, nikimlisha, nikimkunjia kanga zake, naye huku akinieleza habari zangu: binti yangu ana kazi Serikalini, binti yangu kachelewa leo, ukimwona njiani mwambie uji unapoa. Nikamwambia nitamwambia.

Kwa Raya nilikwenda mara tatu. Mara zote niliambiwa Daktari yuko kwenye kazi maalumu ya taifa.

* * *

Kazi maalumu ilidhihirika Siku ya Ulinganifu. Televisheni ziliwekwa kwenye viwanja, tukakusanywa tukatazame, umati wa watu wazima wenye meno yaliyoshikana kama mbao za mlango. Mheshimiwa Bakuli alipanda jukwaani, naye mdomo wake umefungwa Chuma, kila s ikitoka na mate. Alitangaza kwamba taifa limezibika asilimia mia moja na nne. Kisha akasema, "Na sasa, muujiza."

Mtukufu alitokeza. Ana miaka sabini na moja. Alifumbua mdomo, kamera ikasogea, na kiwanja kizima kikashusha pumzi. Mtukufu alikuwa na mwanya. Mpana, mpya, kingo zake bado nyeupe kwa kuchongwa. Mtangazaji akapaza sauti kwamba Mungu kamjalia ukubwani, na kwamba sasa nchi ina mwanya mmoja, mdomo mmoja, kauli moja.

Kuna uvumi ambao mimi siuamini, na naurudia ili na wewe usiuamini. Wanasema zamani, kabla hajawa Mtukufu, alipeleka posa kwa msichana fulani, na yule msichana akacheka, akasema kijana mwenyewe hata mwanya hana. Sasa kila mtu akichukua aibu aliyoipata ujanani akaifanya sheria, kutakalika? Ndiyo maana siuamini.

Nyuma ya Mtukufu walisimama madaktari sita waliomchonga. Walivua barakoa wapewe nishani. Wa tatu kutoka kushoto alikuwa Raya. Alikuwa anacheka, na mwanya wake ulikuwa pale pale, mzima, haujapungua hata unywele. Mtangazaji akaeleza kwamba hawa, kwa utumishi wao, wamepewa Kibali cha Kubaki Ulivyo.

Watu walipiga makofi. Bwana Hamdu, aliyesimama karibu nami, ndiye peke yake aliyenitazama. "Yule si ndugu yako?" akauliza. Nikamwambia nilidhani hivyo.

* * *

Raya alikuja Ijumaa alasiri, kwa gari la Wizara, ameshika kikapu cha halua na tende. Hakuwa na barakoa. Nilimfungulia mlango, tukasimama uani kati ya kamba za nguo.

"Uliapa kwa chumvi ya mama, Raya."

Hakukana. Hilo namsifu. Aliweka kikapu chini, akapangusa mikono.

"Walitupa hesabu ya midomo mia mbili," alisema. "Ukiifikisha unapata kibali, usipoifikisha unazibwa na wewe. Nilikuwa na mia moja na tisini na tisa, na siku ya mwisho ndiyo ile uliyokuja. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ningekwambia."

"Ungekimbilia wapi? Dirisha la nne?" Akacheka kidogo, kisha akaona sicheki. "Mwatumu, sikukushika mkono. Ulichagua mwenyewe. Sahihi ni yako."

"Ulinichagulia."

"Na kibali changu nani alikipiga muhuri?"

Sikumwelewa. Akatoa karatasi kwenye mkoba, akaikunjua mbele yangu. Nikaona muhuri wangu, ule wenye ufa mdogo chini ya nyota, umepigwa sawasawa, katikati, bila kuvuja wino. Tarehe ilikuwa ya wiki ile ile niliyoanza kifuniko cha kwanza. Karatasi ilipita mikononi mwangu. Ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba mchukuaji amekamilisha mdomo wa mia mbili, na jina la mdomo huo lilikuwa langu.

Kwa mara ya kwanza katika utumishi wangu nilisoma kitu nilichokipiga muhuri. Nataka niseme niliikasirikia Serikali, maana ndivyo inavyopendeza kwenye hadithi. Uongo. Serikali haikuwahi kulala nami mkeka mmoja. Nilimchukia Raya, na baada yake nilijichukia mimi na wale wanawake arobaini niliowaambia kuna mlango.

"Nimekuja kumwamkia mama," Raya alisema. "Niruhusu nimwone tu, niondoke."

Kabla sijajibu pazia la chumba lilisogea. Mama alikuwa amesikia sauti za watu. Alitoka akishika ukuta, kanga begani, akatutazama mmoja mmoja kama kawaida yake, mdomoni. Kwangu alipita. Kwa Raya alisimama.

Uso wake ukafunguka wote. Wiki nyingi zile sikuwa nimeuona hivyo.

"Mwatumu," akasema. "Mwanangu! Kumbe umerudi. Uji umepoa, lakini umerudi."

Alimkumbatia, akamshika mashavu kwa mikono miwili, akilia na kucheka. Juu ya bega la mama, Raya alinitazama. Lilikuwa neno moja tu lililotakiwa. Angesema, mama, mimi ni Raya, Mwatumu ni yule pale. Nilimngoja. Nilimngoja kwa mapenzi yote yaliyokuwa yamenibakia, na nadhani aliyaona.

"Ndiyo, mama," akasema Raya. "Nimerudi."

Mama alipangusa machozi kwa pindo la kanga. Alipotulia ndipo akanikumbuka mimi niliyesimama kwenye kamba za nguo, akaona vibaya kwamba hajaniamkia mbele ya binti yake.

"Na huyu uliyekuja naye ni nani?" akamuuliza.

"Ni mgonjwa wangu," Raya alijibu.

Mama alinipa mkono kwa heshima, kama anavyopewa mtu wa mbali. "Karibu, bibi," akaniambia. "Usione haya, hapa ni kwenu." Nikamwambia ahsante, nikakaa pembeni ya mkeka, na wao wakaanza kula halua.